Wati zilizoandikwa kwenye kifaa: kutoka dalili hadi chanzo

Mwenye saluni aliniita kwa sababu ya harufu. "Kaka fundi, wiki nzima nilidhani ni dagaa wa jirani," alisema, akinionyesha chini ya meza ya kuoshea nywele. Hapakuwa na dagaa. Palikuwa na ekstensheni ya matundu manne, na tundu la pili lilikuwa limegeuka kutoka weupe hadi rangi ya chai ya maziwa. Niliingiza plagi nikaitikisa, ikacheza kama jino bovu. Baadhi ya plastiki za soketi na plagi hutoa harufu ya samaki zinapoungua. Ukiinusa mahali pasipo na samaki, zima swichi kuu kwanza, ndipo uanze kutafuta.

Vifaa vilivyochomekwa pale vilikuwa vitatu: drai ya wati 2,000, stima ya nywele ya wati 1,000 na jagi la kuchemshia maji la wati 2,200. Nilivipima kimoja kimoja, vyote vizima. Kila kibandiko kilisema kweli. Ila hakuna aliyezijumlisha zile namba, na hakuna aliyesoma kibandiko cha nne, cha ekstensheni yenyewe, kilichoandikwa volti 250, ampea 10.

Kazi nyingi ninazoitiwa huwa za namna hii. Mtu anasema kifaa kimeharibika, kumbe namba ilikuwepo tangu siku ya kununua ikieleza kila kitu. Kwa hiyo nitakwenda kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza wanaponipigia simu.

Namba yenyewe inasema nini

Wati zinaeleza kasi ya kifaa kula umeme, na kasi hiyo imeahidiwa kwa volti zilizoandikwa pembeni yake. "2000W" peke yake ni nusu ya sentensi. Sentensi kamili ni "230V, 50Hz, 2000W". Volti zikibadilika, wati nazo hubadilika, wakati mwingine kwa kiasi cha kutisha.

Gawanya wati kwa volti, utapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Wati 2,000 kwa volti 230 ni ampea 8.7. Ampea ndizo zinazopasha moto waya, plagi na soketi, kwa hiyo hesabu hii ijue kwa moyo. Kwenye vifaa vyenye mota, ampea halisi huzidi kidogo jibu utakalopata, na ndiyo maana vibandiko vya friji na pampu mara nyingi huziandika ampea waziwazi.

"Ekstensheni inapata moto" au "plagi imeyeyuka"

Tuimalize ile ya saluni. Wati 2,000 na 1,000 na 2,200 ni wati 5,200. Gawanya kwa 230: ampea 22.6, zikipita kwenye ekstensheni ya ampea 10 iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13. Joto la waya haliongezeki sawasawa na ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Kebo ile ilikuwa nyembamba, ya milimita za mraba 0.75. Ikibeba ampea 10, kila mita moja hutoa joto la wati 5 hivi, ambalo linapotea hewani bila shida. Ikibeba ampea 22.6, kila mita hutoa zaidi ya wati 26. Ukiviringisha kebo hiyo na kuificha chini ya zulia, joto halina pa kutokea.

Tundu lililolegea ni baya kuliko kebo. Chuma cha ndani kikishachoka, mguso unakuwa mdogo. Hata upinzani wa nusu ohm tu, kwa ampea 10 hivi za jagi, hutoa wati 50 hivi mahali padogo kama punje ya harage. Hiyo ni pasi ndogo ya fundi redio ya kuyeyushia risasi, imewekwa ndani ya plastiki yako mchana kutwa.

Watu huuliza: mbona fyuzi haikukatika? Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi haikatiki papo hapo kwa ampea 22. Inaweza kuvumilia kwa dakika kadhaa, na drai ya saluni huwashwa na kuzimwa kila dakika kadhaa. Isitoshe, ekstensheni nyingi za bei ndogo hazina fyuzi kabisa.

Tafuta chanzo hivi. Jumlisha wati za vyote vinavyowaka kwa pamoja. Jumla ikizidi uwezo wa ekstensheni (ampea 10 ni wati 2,300, ampea 13 ni wati 3,000 kasoro kidogo), chanzo ni mzigo, na dawa ni kupunguza vifaa au kuongeza soketi za ukutani. Jumla ikiwa ndani ya uwezo na bado tundu moja tu ndilo linalopata moto, chanzo ni mguso: tundu limelegea au waya haujabanwa vizuri ndani ya plagi. Kebo nzima ikipata moto sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, ni nyembamba kuliko inavyojitangaza. Ekstensheni za kuviringisha kwenye gurudumu zina namba mbili, moja ya kebo ikiwa imenyooshwa yote na nyingine, ndogo sana, ya kebo ikiwa imeviringishwa. Soma zote mbili.

Saluni ile niliiwekea soketi tatu za ukutani, kebo ya milimita za mraba 2.5, zikagawanywa kwenye breka mbili. Jagi lina tundu lake.

"Jagi linachelewa kuchemka, pasi haipati moto"

Wengi hukimbilia kununua jagi jipya. Subiri kwanza. Kifaa cha kupasha moto hakina akili, kina koili yenye upinzani wake tu. Jagi la wati 2,000 kwa volti 230 lina upinzani wa ohm 26 na ushee. Umeme ukishuka hadi volti 180, kama inavyotokea saa 2 usiku mtaa mzima unapopika, wati hazishuki kwa uwiano huo huo. Zinashuka kwa mraba wake, na jagi lako la wati 2,000 linabaki na wati 1,225. Lita 1.7 za maji ya bomba ya joto la nyuzi 25, zilizokuwa zinachemka kwa dakika 4 na nusu, sasa zinachukua zaidi ya dakika 7. Uniti zinazotumika ni karibu zile zile, kwa sababu maji yanadai joto lile lile.

Pima volti kwenye soketi mara mbili. Kwanza vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kisha jagi likiwa linachemsha. Ukikuta volti 190 hata bila mzigo, umeme mdogo unatoka nje. Waulize majirani, kisha toeni taarifa kwa wanaowapa umeme. Ukikuta 228 bila mzigo halafu 195 jagi likiwashwa, nataka usikie kengele. Volti hizo 33 zimepotea mahali fulani kati ya soketi na mita au nguzo, na kwa ampea 7 na nusu ni karibu wati 240 zinazowaka ndani ya kiungo kimoja, pengine kwenye boksi juu ya dari lenye buibui na karatasi. Zima breka ya sakiti hiyo, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Umeme mdogo hauliui jagi wala pasi. Friji na pampu ndizo zinazoumia. Mota ikikosa volti haipumziki: inavuta ampea nyingi zaidi, inanguruma bila kuzunguka, kisha kinga yake inakata kwa mlio mdogo wa "ta". Ukisikia friji inanguruma sekunde chache, "ta", kimya dakika chache, halafu inanguruma tena, ichomoe hadi volti zirudi.

"Ndugu yangu kaniletea kutoka Marekani, imewaka moto sekunde hiyo hiyo"

Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, herzi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote herzi 50. Drai nyingi za kule huandikwa wati 1,875. Ukiichomeka huku kwa kibadilishi cha plagi tu, ule mraba unafanya kazi upande wa pili: volti zikikaribia mara mbili, wati zinakaribia mara nne. Drai hiyo inajaribu kula zaidi ya wati 6,000. Koili inang'aa nyeupe, kisha moshi.

Kile kidubwasha cha plagi hakibadilishi volti, kinabadilisha umbo la miguu tu. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha volti, nayo ina wati zake. Transfoma ya wati 1,500 haiwezi drai ya wati 1,875, hata kwa dakika mbili. Chaja za simu na kompyuta za mkononi hazina tabu hii. Kibandiko chao kinasema 100–240V, 50/60Hz, maana yake zinajirekebisha zenyewe. Chenye mota, kama feni, na chenye transfoma kubwa ndani, kama maikrowevu, kinasumbuliwa hata na tofauti ya herzi, na transfoma ya kushusha volti haibadilishi herzi. Mimi humshauri mtu akiuze kule kule.

Kwa aliyehamia Marekani na jagi la nyumbani: halitaungua. Litakuwa na wati 600 kwa jina la 2,200, na lita 1.7 zitakuchukua robo saa.

"LUKU inaisha haraka, mita ina tatizo"

Inawezekana mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ina tatizo, ila tuihesabie haki kwanza. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo wati zilizoandikwa hazitoshi kukuambia kitu bila saa. Taa sita za wati 9 zikiwaka saa 5 hazifikishi theluthi ya uniti. Runinga ya wati 60 kwa saa 6 ni uniti 0.36. Sasa angalia bafuni: hita ya kuogea ya wati 5,500 kwa dakika 10 ni uniti 0.9, na familia ya watu watano ikioga hivyo asubuhi moja, zimekwenda uniti 4 na nusu kabla ya chai. Nimeona baba akizima taa za barazani kwa hasira huku hita ikiunguruma nyuma yake.

Friji huwachanganya watu upande mwingine. Imeandikwa wati 150, mtu anazidisha kwa saa 24, anapata uniti 3.6, anaamua kuizima usiku. Kompresa haifanyi kazi muda wote. Inawaka, inapoza, inapumzika. Friji nyingi huandika pia uniti inazotumia kwa saa 24 au kwa mwaka, na hiyo ndiyo ya kuamini. Pasi nayo hukata ikishapata moto, na jiko la umeme la presha hula wati zake zote mpaka presha ijae tu.

Kuna kipimo cha bure ambacho ningependa kila nyumba ikijue. Mita ina taa ndogo nyekundu inayomulika, na pembeni yake pameandikwa namba kama "1000 imp/kWh" au "1600 imp/kWh", yaani taa humulika mara ngapi kwa uniti moja. Zima kila kitu na uchomoe. Taa ikiendelea kumulika wakati hakuna kinachotumia, kuna kitu kimejificha: waya wa jirani, friji iliyosahaulika stoo, au umeme unaovujia ukutani. Ikitulia, washa kifaa kimoja, uhesabu sekunde kati ya mmuliko na mmuliko. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati halisi. Kwa mita ya 1600, gawanya 2,250. Sekunde 2 kwenye mita ya 1000 ni wati 1,800. Hesabu mimuliko kumi, ugawe muda kwa kumi, jibu litakuwa safi zaidi. Mita isiyolingana na vifaa vyako hata baada ya hapo, sasa una hoja ya kupeleka ofisini.

"Inveta ni ya wati 1,000, friji ni wati 150, mbona inakataa?"

Soma kibandiko cha inveta kwa utulivu, hasa maandishi madogo. Mara nyingi ile 1,000 kubwa ya mbele ni ya kilele, inayodumu kwa sekunde, na ya kuendelea ni 500. Nyingine zimeandikwa VA (volti mara ampea), na mtu husoma kama wati. VA 1,000 kwa inveta nyingi ni wati 800, wakati mwingine pungufu. Jenereta nazo zina namba mbili: ya juu kabisa, na ya kufanyia kazi. Nunua kwa ile ya kufanyia kazi.

Kisha friji. Wati 150 ni za kompresa iliyokwisha kuanza kuzunguka. Wakati wa kuanza, mota huvuta ampea mara 5 hadi 7 ya kawaida kwa muda mfupi, na inveta ya bei ndogo inaona huo ni mzigo wa kuizidi, inajizima. Pampu zina mtego wao: zinaandikwa kwa nguvu za farasi, na farasi mmoja ni wati 746 zinazotoka kwenye mhimili wa mota. Zinazoingia ni zaidi, maana mota hupoteza sehemu kwa joto. Pampu ya farasi mmoja yaweza kula zaidi ya wati 1,000 ikizunguka tu, mbali na kuanza.

Kuna dalili moja imenisumbua mara nyingi: inveta inalia "pii" kwamba betri imekwisha, na betri imejaa. Tazama waya kati ya betri na inveta. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni ampea 83, na ukiongeza zinazopotea ndani ya inveta unakaribia 95. Waya mwembamba au kichwa cha betri chenye kutu kikipoteza volti moja na nusu tu, inveta inaona 10.9 mahali pa 12.4 na kuanza kulia. Shika waya kwa mkono baada ya dakika tano za mzigo. Ukiwa wa moto, umeshapata jibu. Weka waya mnene na mfupi, safisha vichwa, vibane.

"Nikiwasha hita ya kuogea breka inajikata"

Uliza imejikata baada ya muda gani. Ikikata papo hapo, kuna shoti, au kama ni breka yenye kitufe cha kujaribia, umeme unavujia kwenye waya wa ardhi. Hiyo usiirudishe mara ya pili bila kupima. Ikikata baada ya dakika kadhaa, ni mzigo. Hita ya wati 5,500 kwa volti 220 inavuta ampea 25. Kwa volti 240 za Kenya inapanda hadi wati 6,500 na ampea 27. Ikiwa imeunganishwa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 na breka ya ampea 20, breka inafanya kazi yake sawasawa.

Hapa naomba nisikilizwe. Usikubali fundi atoe breka ya 20 aweke ya 32 bila kubadilisha waya. Breka inaulinda waya ulio ukutani. Ukiweka kubwa, hita itawaka vizuri, wateja watafurahi, na waya utaendelea kuiva ndani ya plasta hadi usiku mmoja. Hita hiyo inataka kebo yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, ya milimita za mraba 6, breka ya 32, kinga ya umeme unaovuja, na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Maji na umeme vinakutana juu ya kichwa cha mtoto wako.

"Imeandikwa wati 10,000 lakini haivumi"

Geuza sabufa, soma nyuma karibu na waya. Utakuta 220–240V, 50Hz, 60W. Namba kubwa ya mbele yenye herufi PMPO haipimi umeme wala mvumo wa kudumu, na kifaa hakiwezi kutoa sauti yenye wati nyingi kuliko zinazoingia. Linganisha sabufa kwa wati za RMS, yaani za mvumo wa kudumu.

Maikrowevu ya "700" ina wati 700 za kupashia chakula na huvuta 1,100 au zaidi ukutani. Balbu ya LED "9W = 60W" inakula 9; ile 60 ni kulinganisha mwanga wake na balbu ya zamani.

Kibandiko kimefutika

Kama ni cha kupasha moto, kichomoe, kipoe, kisha pima ohm kati ya miguu miwili ya plagi iliyo sambamba, swichi na kirekebisha joto vikiwa vimewashwa. Zidisha 230 kwa 230, ugawe kwa ohm ulizopata. Ohm 24 ni wati 2,200. Ohm 53 ni wati 1,000. Mita ikikataa kusoma chochote, koili imekatika, au kinga ya joto imeungua. Kwa mota njia hii inadanganya vibaya, kwa hiyo rudi kwenye taa nyekundu ya mita: zima vyote, washa hicho kimoja, hesabu sekunde za mimuliko kumi. Jibu ukilipata, liandike kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya kifaa, pamoja na volti ulizozikuta siku hiyo.